Jiwe la Mfalme na Daftari la Askari

Yapo maneno yanayosikika mara kwa mara katika makambi na katika vituo vya polisi, kwamba historia ni kazi ya walimu na ya wazee wenye nafasi, na kwamba kazi ya askari ni kulinda tu. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Tunaamini kwamba ni wachache mno wanaoandika historia kila siku, kwa mkono wao wenyewe na bila ya kujua, kama askari wa zamu aliyeketi nyuma ya meza na daftari la matukio mbele yake. Jina la mtu, siku, saa, mahali, na maneno yaliyosemwa: hayo ndiyo mambo ambayo mwanahistoria wa kesho atayatafuta, na asipoyapata atababaika.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wenzetu wanaofanya kazi Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, na leo yana wakimbizi zaidi ya laki moja, wa mataifa mengi. Askari mmoja katika zamu moja aweza kupokea maelezo ya Mkongo, ya Mrundi, ya Msomali na ya Muethiopia. Wengi wao walifika mikono mitupu, bila ya hati yoyote. Kwa mtu wa namna hiyo, karatasi ya kwanza yenye jina lake katika nchi hii huenda ikawa ile iliyoandikwa na ofisa mmoja mwenye usingizi, saa nane za usiku.

Ili kuyaeleza maoni yetu vizuri, tunawaomba wasomaji wafuatane nasi mbali kidogo, mpaka nchi ya Iran, ambayo wazee wetu waliiita Uajemi. Huko yapo maandishi ya kale yaliyochongwa katika miamba, nayo yanatufundisha jinsi ya kumsikiliza shahidi mwenye nguvu. Kisha tutarejea nyumbani.

Karibu na mji wa Kermanshah, kando ya njia ya kale itokayo Babeli kwenda Hamadan, upo mwamba mkubwa uitwao Bisutun. Juu ya mwamba huo, makumi ya mita kutoka chini, Mfalme Dario wa Kwanza aliamuru ichongwe sanamu yake pamoja na habari za jinsi alivyoutwaa ufalme mwaka 522 kabla ya Kristo. Mfalme amesimama na upinde mkononi. Mguu wake umemkanyaga adui aliyelala chali. Na mbele yake wamepangwa wafalme waasi, mikono imefungwa nyuma, shingo zao zimeunganishwa kwa kamba moja. Habari zimeandikwa kwa lugha tatu, Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli, kwa mwandiko wa alama zenye umbo la kabari.

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi hayo. Wasafiri waliopita walibuni kila mmoja lake kuhusu maana ya sanamu zile. Mwaka 1802 mwalimu wa Kijerumani, Georg Friedrich Grotefend, alianza kuzitambua baadhi ya alama kwa kulinganisha majina na vyeo vya wafalme katika maandishi mengine ya Uajemi. Lakini aliyeyanakili maandishi ya Bisutun yenyewe alikuwa askari. Henry Rawlinson, ofisa wa Kiingereza aliyepelekwa kufunza majeshi ya Shah, alianza kuupanda mwamba huo katika miaka ya 1830, akasimama juu ya ngazi penye ukingo mwembamba, akanakili mstari baada ya mstari. Mwaka 1847, ilipobaki sehemu ya Kibabeli ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuifikia, kijana mmoja wa Kikurdi alijitolea. Alipita katika uso wa jiwe kwa kushika nyufa na kwa kamba, akachukua nakala kwa karatasi iliyoloweshwa maji. Kwa nakala ile, lugha ya Babeli na ya Ashuru ilianza kufunguka. Jina la kijana yule hatulipati katika vitabu. Jambo hilo nalo tulitie moyoni, maana tutalirudia.

Sasa, mwamba ule unasema nini? Dario anasema kwamba kabla yake alitawala Cambyses, mwana wa Koreshi. Cambyses alikuwa na ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, jina lake Bardiya. Anasema Cambyses alimwua Bardiya kwa siri, na watu hawakujua. Cambyses alipokuwa Misri, akatokea kuhani mmoja aitwaye Gaumata, akadanganya watu kwamba yeye ndiye Bardiya, akanyakua ufalme. Cambyses akafa. Hakuna aliyethubutu kusema neno, mpaka Dario na wenzake sita walipomwua Gaumata, na Dario akawa mfalme.

Tunawaomba wasomaji wetu polisi waisikilize habari hiyo kama wanavyoyasikiliza maelezo ya mtu aliyeletwa mbele yao. Ameuawa mtu aliyekuwa ameketi katika kiti cha enzi. Aliyemwua anakiri kwamba amemwua, ila anasema marehemu hakuwa yule aliyejulikana kuwa ndiye. Bardiya wa kweli, anasema, aliuawa zamani, kwa siri, bila ya shahidi. Anayedaiwa kumwua huyo wa kweli naye amekwisha kufa. Na mwenye kutoa maelezo haya ndiye aliyerithi nchi nzima. Ofisa gani wa upelelezi angeyapokea maneno hayo, akafunga jalada na kwenda kulala?

Herodotus, Mgiriki aliyeandika miaka mingi baadaye, anasimulia habari inayokaribiana na hiyo. Mtu aweza kusema: basi, mashahidi wako wawili. Lakini ushahidi wa pili una thamani tu iwapo haukutoka kwa wa kwanza. Na habari ya Dario, kama tutakavyoona, ilitangazwa katika himaya yake yote. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi wa leo wanashuku kwamba aliyeuawa huenda alikuwa Bardiya mwenyewe, mwana halali wa Koreshi. Wengine wanaona hakuna sababu ya kutosha ya kuikataa habari ya Dario. Shauri hilo halijakatwa.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Dario anarudia tena na tena kwamba maadui zake walisema uongo. Kila aliyemwasi, kwake yeye, ni mwongo. Kisha anamgeukia msomaji na kumsihi aamini, asidhani kwamba yaliyoandikwa ni uongo. Anadai kwamba alipigana vita kumi na tisa na kuwakamata wafalme tisa katika mwaka mmoja tu. Wanahistoria wamezihesabu tarehe zake mwenyewe na wangali wanabishana kama hesabu inatimia. Shahidi anayeapa mno, na anayewaita wenzake wote waongo, si lazima awe mwongo. Ila ni shahidi wa kuangaliwa kwa makini.

Hata jiwe lenyewe lilirekebishwa. Baada ya kazi ya kwanza kumalizika, Dario alimshinda mfalme mwingine, Skunkha, mwenye kofia ndefu iliyochongoka, akataka naye aonekane katika mstari wa mateka. Nafasi haikuwapo. Basi sehemu ya maandishi ya Kielamu iliharibiwa ili Skunkha apate pa kusimama, na maandishi yale yakachongwa upya mahali pengine. Anayesema kwamba karatasi hubadilishwa lakini jiwe halibadiliki, na akumbuke kofia ya Skunkha.

Je, tuseme basi kwamba maandishi ya wafalme hayafai? La, hasha. Huko ni kukimbilia upande wa pili wa kosa lile lile. Pasipo Bisutun tungejua kidogo sana juu ya maasi ya mwaka ule, juu ya majina ya majimbo, na juu ya namna ufalme ule ulivyojieleza wenyewe. Shahidi mwenye upande wake bado ni shahidi. Kinachotakiwa ni kumtafutia shahidi wa pili ambaye hakuagizwa na wa kwanza.

Naye yuko. Katika nchi ya Babeli, makarani walikuwa wakiandika mambo ya kila siku juu ya vibao vya udongo: mikopo ya fedha, mauzo ya nafaka, kodi za nyumba. Kila kibao kilitiwa tarehe kwa jina la mfalme aliyetambuliwa siku hiyo. Vibao vingi vya mwaka 522 vimepatikana. Vipo vilivyoandikwa kwa jina la Bardiya, kuanzia mwezi Aprili mpaka Septemba kwa kalenda yetu. Kisha vinafuata vilivyoandikwa kwa jina la Nebukadreza, yule mwasi wa Babeli ambaye Dario anasema alimshinda. Na mwishoni mwa mwaka linaingia jina la Dario. Tazameni jinsi vibao hivyo vinavyomshuhudia mfalme na huku vikimsahihisha. Vinathibitisha kwamba mfalme wa kabla ya Dario alikuwapo na alitambuliwa mbali na kwao, na kwamba uasi wa Babeli ulitokea kweli na ulizimwa kweli. Lakini jina la Gaumata, ambalo jiwe linalipigia kelele, makarani hawakulitumia. Kwao yeye alikuwa Bardiya. Hilo halithibitishi kwamba alikuwa mwana wa Koreshi, kwani karani huandika jina analoambiwa; linathibitisha jina ambalo watu walimwita nalo alipokuwa hai.

Makarani wale hawakuwa na nia ya kuandika historia. Walikuwa wanaandika deni la mtu na siku ya kulilipa. Uaminifu wao katika jambo dogo ndio uliowafanya, baada ya miaka 2,500, kuwa mizani ya kuupimia usemi wa mfalme mkuu wa dunia ya wakati ule.

Kwa wasomaji wetu wanajeshi tunaongeza habari moja. Juu ya mwamba wa Bisutun hakuna mpita njia awezaye kusoma kitu. Maandishi yako juu mno. Dario alijua hivyo, na kwa kauli yake mwenyewe alipeleka nakala katika nchi zote. Nakala mojawapo, kwa lugha ya Kiaramu, ilipatikana mwanzoni mwa karne ya ishirini katika kisiwa cha Elephantine, kusini mwa Misri. Ilikuwa imeandikwa juu ya mafunjo karibu miaka mia moja baada ya mambo yenyewe kutokea. Kisiwa hicho kilikuwa kambi ya mpakani, na humo walikaa askari wa Kiyahudi na familia zao waliomtumikia mfalme wa Uajemi. Pamoja na nakala hiyo zilipatikana hati zao wenyewe: za ndoa, za nyumba, za madeni, na barua za malalamiko. Kwa hiyo tunazijua nyumba za askari wale na wake zao, na magomvi yao ya ukuta na kiwanja, si kwa kuwa mfalme aliwataja, bali kwa kuwa wao waliandika na kuhifadhi.

Mfano mwingine wa Iran unatufundisha jinsi ya kuwasikiliza maadui wawili. Mahali paitwapo Naqsh-e Rostam, Mfalme Shapur wa Kwanza aliandikisha ushindi wake juu ya Warumi, kwa lugha tatu. Anasema kwamba mwaka 260 baada ya Kristo alimkamata Kaisari Valerian akiwa hai. Waandishi wa upande wa Roma waliona aibu juu ya jambo hilo, lakini hawakulikana. Adui anapokubali jambo linalomdhalilisha, jambo hilo lina nguvu. Ama habari ya Kaisari Gordian wa Tatu, aliyekufa mwaka 244, ni tofauti: Shapur anasema aliuawa katika vita na jeshi la Uajemi, na wengi wa Warumi wanasema aliangamizwa kwa hila ya mtu wake mwenyewe. Hapo kila upande una sababu ya kusema usemavyo, na mwenye busara huziandika kauli zote mbili.

Huenda msomaji atauliza: Uajemi una nini na sisi? Una jambo. Majeshi yetu yalianza kutumika Mogadishu mwezi Machi 1997 ukiongeza miaka kumi, yaani 2007, chini ya Umoja wa Afrika. Na katika mitaa ya kale ya mji huo, Hamar Weyne, ipo misikiti yenye maandishi ya zaidi ya miaka 700. Katika msikiti wa Arba'a Rukun limechongwa jina la Khusrau, mwenye nisba ya Shirazi, na tarehe yake inaangukia miaka ya 1268 na 1269. Katika mji huo huo palionekana kaburi la mtu wa Nishapur, nchi ya Khurasani, aliyekufa mwaka 1217. Wasomali wanaokaa Nakivale leo wanatoka katika nchi yenye mawe hayo, na vijana wetu waliovaa sare wamelinda lindo karibu nayo. Si habari za watu wa mbali tena.

Katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki wako watu wengi wanaojiita Washirazi, na masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba watawala wa kwanza walitoka Shirazi. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Watu wengi wameutaja msikiti huo kama hati ya kuingia kwa Washirazi. Lakini tuusome kama polisi. Maandishi ni ya Kiarabu. Yanataja mtu aliyeamuru ujenzi na siku yake, Shirazi hayaitaji. Na jengo lililopo lilijengwa upya katika karne ya kumi na nane, mawe ya kale yakatiwa humo. Jiwe linasema kweli juu ya lile linalolisema. Tukilitwisha zaidi ya hapo, tunasema sisi, si jiwe. Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya watu wa kale wa miji ya pwani walieleza kwamba walikuwa na damu ya Afrika, hasa upande wa mama, na damu ya Uajemi, hasa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Basi wazee waliosimulia hawakuwa wametunga yote. Na wale waliosema kwamba miji ile ni ya wageni watupu, nao walikosa.

Tumefika nyumbani. Wafalme wa Nkore hawakuchonga maandishi katika miamba. Je, hawana historia? Kando ya barabara kuu ya Mbarara kwenda Masaka pako Biharwe. Wazee wanasimulia kwamba Omukama wa Bunyoro alipokuwa akirudi na ng'ombe waliotekwa, jua lilitiwa giza mchana, jeshi likaogopa, likatawanyika na kuziacha mali. Wanajimu wanajua kwa hesabu kwamba jua lilipatwa katika sehemu hizi tarehe 17 Aprili 1520, na wanahistoria wengi wameyaunganisha mambo hayo mawili. Wapo wanaotahadharisha kwamba masimulizi yaweza kuchanganya matukio mawili kuwa moja, na tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo tunaona njia ni ile ile: neno la mtu, likatafutiwa shahidi asiyeagizwa. Kwa Dario shahidi huyo ni kibao cha udongo. Kwa Biharwe ni jua lenyewe.

Mbarara ina habari nyingine, nayo ni chungu. Sisi hatuoni sababu ya kuwaficha askari wa leo. Mwezi Julai 1971, miezi michache baada ya Idi Amin kutwaa serikali, askari wengi wa Acholi na Lango waliuawa katika kambi ya Simba. Wamarekani wawili, Nicholas Stroh aliyekuwa mwandishi wa habari, na Robert Siedle aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Makerere, walikwenda Mbarara kuuliza. Hawakurudi. Wakuu wa kambi walikana kujua lolote. Wangekuwa na mwamba, wangeandika juu yake kwamba hapakuwa na neno. Lakini gari la watu wale lilionekana likiwa limetupwa bondeni katika milima. Na ofisa mmoja wa kambi ile, aliyekimbilia Tanzania, alieleza aliyoyajua. Tume iliyoongozwa na Jaji David Jeffreys Jones ilihitimisha, mwaka 1972, kwamba wawili wale waliuawa na askari wa kambi hiyo. Juu ya Wamarekani wawili ipo taarifa ya jaji. Juu ya askari waliouawa, waliokuwa wenzetu wa sare moja, wengi hawakuandikwa popote siku zile. Jamaa zao walingoja miaka mingi, mpaka tume iliyoundwa mwaka 1986 chini ya Jaji Arthur Oder ilipoanza kuwasikiliza wananchi. Daftari lililonyamaza huumiza kama daftari lililodanganya.

Na sasa Nakivale. Tuseme mwanamke amefika kituoni, ametoka Kivu, ana watoto wawili. Anaeleza alikozaliwa, siku aliyoondoka, na waliouawa. Mkalimani anafupisha. Ofisa ana foleni ndefu, analiandika jina la kijiji kwa kukisia, na tarehe anaiweka ile iliyo rahisi. Baada ya mwaka mmoja mama yule anaulizwa tena katika ofisi nyingine, na maneno yake hayalingani na karatasi. Anaitwa mwongo. Hilo ndilo neno la Dario. Mwenye kuandika amesema, na asiyeandika ameshindwa, wala hakuna kibao cha udongo cha kumtetea.

Kwa hiyo basi tunawasihi ndugu zetu askari na polisi mambo manne, ambayo hayahitaji fedha wala chombo kipya. Kwanza, andikeni alichosema mtu kama alivyokisema, na mkiwa na maoni yenu yaandikeni mbali, ili atakayesoma ajue lipi ni la nani. Pili, andikeni ni nani aliyetafsiri na kutoka lugha gani, kwa sababu mkalimani naye ni sehemu ya ushahidi. Tatu, kosa likitokea likatwe kwa mstari mmoja, litiwe sahihi na tarehe, lakini lisifutwe. Mwenye kufuta anafanya kama yule aliyeharibu maandishi ili Skunkha apate nafasi. Nne, andikeni na majina ya wadogo: mlinzi wa usiku, mama muuza mboga aliyeona, kijana aliyeonyesha njia. Kijana wa Kikurdi alifungua lugha ya taifa zima, na leo hakuna ajuaye aitwe nani.

Wako watakaosema kwamba tunamtwika askari mzigo usio wake; ana doria, ana lindo, ana jeshi la wahalifu la kupambana nalo. Tunajua. Lakini amri ya kuandika tayari ipo katika kazi yake. Sisi hatukuongeza kitu ila sababu ya kuitii. Mtu akijua kwamba mstari anaouandika waweza kumwokoa mwenye haki au kumsahihisha mwenye nguvu, hataandika kwa mkono mlegevu.

Dario alitaka jiwe lake liaminiwe bila ya kuulizwa, na ndiyo maana tunaliuliza. Makarani wa Babeli hawakutaka kitu. Walitia tarehe, wakafunga hesabu, wakaenda majumbani kwao. Ufalme wa Dario umekwisha, na vibao vyao vingali vinasomwa. Usiku wa leo, katika kituo kimoja cha Nakivale, ofisa atafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika tarehe. Tunamwomba aiandike tarehe iliyo kweli.